Uzamili wa fasihi za dunia: njoo na lugha yako mkononi

Nimemaliza uzamili wa fasihi na tamaduni za dunia, ule unaosomwa kwa lugha asilia badala ya tafsiri. Kila wiki naulizwa kama unafaa, basi naandika hapa mara moja nipumzike. Unafaa, ila usije mikono mitupu. Chuo sikitaji, malalamiko yangu nimeshayafikisha kunakohusika.

Sharti ni lugha mbili. Kifaransa nilikuwa nacho. Kiarabu kilikuwa cha kubabaisha, nikajidanganya kwamba kitanyooka chenyewe.

Nilichokipenda kuliko vyote ni semina ya Kifaransa. Siku moja tulikaa saa mbili nzima kwenye sentensi ya kwanza ya riwaya ya L'Étranger ya Albert Camus (1942), pale msimulizi anapotaja kifo cha mama yake. Stuart Gilbert, aliyeitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1946, aliandika "Mother". Matthew Ward, mwaka 1988, akaliacha "maman" kama lilivyo, maana ni neno la mtoto kwa mamaye, na lile la Gilbert lina ubaridi wa barua ya ofisi. Mwalimu akanigeukia: kwa Kiswahili je? Nikajibu upesi, "Leo mama amekufa." Hapo hapo nikakwama. Mama yupi? Mwalimu ni mama, jirani ni mama, hata usiyemjua njiani unamwita mama. Halafu hiyo "amekufa". Camus anasimulia kwa wakati uliopita wa mazungumzo, si ule wa vitabuni. Sisi tuna -me- na -li-, na hakuna unaokaa sawasawa: ukisema "amekufa" maiti bado iko ndani, ukisema "alikufa" tumeshazika. Nilitoka darasani nikiisikia lugha yangu upya.

Kwenye Kiarabu ndiko nilikoumia. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi irabu fupi, hivyo k-t-b inaweza kuwa "aliandika", "vitabu" au "iliandikwa". Lazima uelewe kwanza ndipo usome. Wiki ya kwanza nilitafuta "maktaba" chini ya mim, herufi ya m, katika kamusi ya Hans Wehr, nikaikosa, nikasema kamusi mbovu. Kumbe imepangwa kwa mizizi, yaani konsonanti za asili za neno kama hizo k-t-b! Maktaba, kitabu, katibu, wote wako kwenye kaf, herufi ya k. Maneno ninayoyatamka tangu utotoni, wala sikujua kuwa ni ndugu.

Sasa kasoro. Tangazo liliahidi madarasa ya lugha sambamba na semina. Yalikuwepo, saa mbili kwa wiki, hayana alama, na mwalimu wa Kiarabu alipoondoka katikati ya muhula hakuletwa mwingine. Maktabani tafsiri za Kiingereza zimejaa rafu, matini asilia nakala moja ya kugombaniwa. Tasnifu nayo ni kwa Kiingereza, kila nukuu uifasiri mwenyewe. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, ikanila wiki tatu. (Hili silinung'unikii sana, humo nilijifunza kuliko katika sura nzima ya nadharia.)

Kama unaweza kusoma riwaya ya lugha hiyo ukiwa umejilaza kitandani, omba nafasi. Kama bado unafungua kamusi kila mstari, tafuta kwanza mwaka mmoja wa lugha tupu.

Natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Sura yangu ya Kiarabu niliishia kuiondoa kwenye tasnifu. Hans Wehr ninayo bado, kurasa za kaf zimeanza kuchomoka.