Seti ya venturi ya inchi 1: inafyonza vizuri, ila vali haimo

Seti za venturi (kipande cha bomba chenye koo jembamba; maji yakipita kwa kasi huvuta dawa) za plastiki zinazouzwa Kampala kwa wanaomwagilia nyanya kwa matone hufyonza dawa bila umeme, mradi shinikizo la kuingilia lizidi la kutokea kwa asilimia 20 au zaidi. Hapo hatuna lawama.

Kasoro ni kwamba boksi halina vali ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikizimika ghafla (na umeme wetu tunaujua), bomba hunyonya maji yenye dawa hadi kisimani. Nunua vali ya springi, uifunge kati ya pampu na venturi. Upande wa pampu weka vali ya kuingiza hewa juu ya bomba, na chini yake tundu la kutolea maji. Pampu ikishazimwa, tundu likiendelea kudondosha, raba ya vali ya springi imechakaa au imenasa mchanga.

Mrija wa dawa nao unahitaji vali yake ndogo, la sivyo tangi hujaa maji na kufurika, mara nyingi jirani kabisa na kisima.

Alama 3 kati ya 5. Na soma lebo: si kila dawa imeruhusiwa kupitishwa kwenye matone.