Boksi la dawa ya nywele isiyo na lye: kilichomo na kinachokosekana

Dawa za kunyoosha nywele dukani ni za aina mbili. Kuna kopo la saluni, krimu iliyochanganywa tayari kiwandani ambayo msusi huchota na kufunika tena. Na kuna boksi la kichwa kimoja, la kujipaka nyumbani, lenye maandishi makubwa "No Lye". Lye ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Mnunuzi akiona haimo, anaelewa kuwa dawa ni laini. Hapo ndipo boksi linapodanganya bila kusema uongo.

Ndani yake mna krimu, chupa ndogo ya aktiveta, pakiti ya shampuu ya nyutralaiza, kondishena, glavu, kijiti cha mbao na karatasi ya maelezo. Krimu imebeba kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa. Aktiveta ina guanidini kaboneti. Zikikorogwa pamoja huzaliwa vitu viwili: guanidini haidroksaidi, ambayo ndiyo inayonyoosha nywele, na kalsiamu kaboneti, ambayo ni chaki. Hiyo chaki tutairudia.

Unywele wa kipilipili hutoka kwenye kinyweleo kilichopinda, nao wenyewe ni bapa kidogo, si wa mviringo. Juu umefunikwa na magamba yaliyolaliana tabaka kadhaa. Ndani kuna nyuzi za keratini zilizoshikanishwa na vifungo vya salfa mbilimbili. Alkali kali kama hiyo guanidini haidroksaidi huvimbisha unywele, magamba yakaachia, dawa ikapenya na kung'oa salfa moja kutoka katika baadhi ya vifungo hivyo. Kinachobaki ni kifungo cha salfa moja, na hicho hakirudi kilivyokuwa. Ndiyo maana mvua wala jasho havirudishi kipilipili, na pia ndiyo maana unywele uliotiwa dawa una nguvu pungufu kuliko ulivyokuwa. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujitengeneza upya. Ukikatika, dawa yake ni kuota mwingine.

Sasa ukali. Ngozi ya kichwa na nywele hukaa kwenye pH ya karibu 4.5 hadi 5.5; pH ni kipimo cha asidi na alkali, na 7 ndiyo katikati. Dawa hizi ziko juu ya 12 kwa kawaida, na kila namba moja inayopanda ni mara kumi ya ile ya chini yake. Mwaka 2019 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha vipimo vya dawa zenye lye, zisizo na lye na zile zinazotangazwa kwa ajili ya watoto, na zote zilikuwa katika kiwango cha kuunguza ngozi. Boksi lenye picha ya mtoto anayetabasamu halistahili kuwa rafuni. Katika tathmini hii hatulipatii alama yoyote.

Kwa mtu mzima aliyeamua kutumia, matokeo yanategemea zaidi maandalizi kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Usioshe kichwa siku tatu hadi saba kabla, na usijikune wala kuchokonoa mba kwa kitana. Tabaka la juu la ngozi, pamoja na mafuta yake, ndiyo kinga pekee iliyopo, na mkwaruzo usiouona unatosha kuipasua. Aliyefumua rasta jana asubiri wiki nzima. Mwenye kidonda, jipu au fangasi kichwani aache kabisa mpaka apone.

Kitu cha kwanza kinachokosekana ndani ya boksi ni mafuta ya mgando. Yapake kwenye ngozi yote, mstari kwa mstari, kisha uyazidishe kwenye paji, nyuma ya masikio na kisogoni. Yapake pia kwenye nywele za zamani zilizokwisha kunyooshwa, kwa sababu dawa inatakiwa kugusa zile mpya tu. Nywele zetu huota kiasi cha milimita nane kwa mwezi, pengine pungufu kidogo, kwa hiyo wiki nane hadi kumi na mbili hutoa sentimita moja na nusu mpaka mbili na kitu. Anayeritachi kila baada ya wiki nne hana cha kuritachi. Anapaka dawa juu ya dawa, na nywele zitamkatikia palepale mpya inapoungana na ya zamani.

Gawa kichwa mara nne na uanzie kisogoni, penye nywele ngumu zaidi. Ukingo wa mbele uwe wa mwisho, maana nywele zake ni nyembamba. Laza kwa mgongo wa kitana, usichane kwa meno: unywele uliovimba huvutika kama mpira na haurudi. Karatasi nyingi hutaja dakika 13 hadi 20 kulingana na unene wa nywele. Jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja cha nyuma ujue muda wako. Ngozi ikianza kuwaka moto, muda umekwisha hata kama ni dakika ya sita. Kuvumilia ili "ishike" ndiko kunakoleta vidonda, na kinyweleo kilichoungua hadi chini huacha kovu lisilootesha tena.

Suuza kwa maji vuguvugu yanayotiririka, dakika tano au zaidi. Beseni halifai, linakurudishia alkali ileile kichwani. Kisha nyutralaiza, mara tatu. Wengi huamini shampuu hii ndiyo inayofunga dawa. Haifungi chochote. Kazi yake ni kuondoa alkali na kushusha pH, na mpaka iimalize, kunyooka kunaendelea taratibu na ngozi inaendelea kulika. Nyingi zina rangi ya kuonya: povu likigeuka waridi, alkali bado ipo, rudia mpaka povu liwe jeupe. Kwa nywele nyingi, pakiti ya ndani ya boksi inaishia mzunguko wa pili. Nunua chupa ya ziada kabla hujafungua boksi.

Turudi kwenye chaki. Inaganda juu ya unywele na haitoki kwa shampuu ya kawaida. Baada ya awamu kadhaa nywele hukauka, hufifia na kukwaruza mkononi, na mtu hudhani anahitaji mafuta zaidi. Penye maji ya kisima ya chumvi, kama mitaa mingi ya Dar es Salaam, kalsiamu ya maji huongezeka juu ya ile ya dawa. Kinachosaidia ni shampuu maalumu ya kuondoa madini. EDTA, kemikali inayoshika madini, iwe miongoni mwa viambato vya mwanzo, kwa kuwa karibu kila shampuu huweka tone la EDTA mwishoni mwa orodha na hilo halitoshi. Kopo la saluni lenye lye halina tatizo hili na huacha nywele zenye kung'aa zaidi, ila huunguza ngozi haraka zaidi, kwa hiyo ni la mkono wa msusi mzoefu.

Kasoro nyingine: mchanganyiko hauhifadhiki. Boksi ni la kichwa kizima, wakati anayeritachi anahitaji nusu. Kugawa krimu na aktiveta kwa macho huharibu uwiano: aktiveta ikipungua nywele hazinyooki, ikizidi zinakauka na ngozi inawasha. Kilichobaki kitupwe, hata kama kinauma mfukoni.

Mwaka 2022 utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, uliofuatilia wanawake 33,497, uliona saratani ya mji wa mimba zaidi kwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka: makadirio ya asilimia 4.05 kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia. Haukutaja chapa, wala hauthibitishi kuwa dawa ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mtu arefushe nafasi kati ya awamu.

Tunalipatia boksi hili alama tatu kati ya tano, kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima na msaidizi wa kumwona kisogoni. Rasta zisubiri wiki mbili baada yake. Dawa ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila ndimu wala siki, kisha hospitali siku hiyohiyo.