Nililipia GL-4, nikatiwa GL-5: uzoefu wangu na oili ya giaboksi hapa Nakuru

Kama una pikapu ya gia za mkono, soma hii kabla hujaingia duka la spea ukaambiwa oili ni oili.

Yangu ni Nissan ya kubebea viazi kutoka Molo, na haina makuu. Kitabu chake kinasema giaboksi itiwe GL-4, na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, itiwe GL-5, hizo ni aina mbili za oili ya gia, basi. Nikaenda duka moja hapa mjini, jina nalihifadhi, lenye vijana wa kukutilia oili pale pale nje. Nikamwambia jamaa wa kaunta: GL-4 ya giaboksi, uzito wa 75W-90, na GL-5 ya difu. Badala ya kuniangalia mimi akaangalia nyuma yangu.

"Madam, mwenye gari yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akacheka, akamgeukia mwenzake, "Huyu amesoma Google." Nikameza. Nikalipa, na GL-4 ilikuwa ghali kuliko ile nyingine, nalikumbuka hilo vizuri sana. Risiti ikaandikwa "oili ya gia", hakuna namba, hakuna chochote. Vijana wakaingia chini ya gari, wakamaliza, nikaenda zangu.

Kuanzia hapo asubuhi zikawa balaa. Wanaokaa Nakuru mnajua baridi ya alfajiri, na Molo ndiyo usiseme, kule ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Gia ya kwanza inaingia, ya pili inagoma. Unasukuma, inakwaruza krrr, watu wa stejini wanageuka kukuangalia kana kwamba ndio umejifunza kuendesha jana. Nikajiambia labda ni klachi. Nikaivumilia.

Halafu siku moja narudi na mzigo, nateremka Sachang'wan kuelekea Salgaa. Aliyewahi kupita pale na gari lililojaa anajua huteremki kwa breki peke yake. Unarudisha gia mapema ili injini ikushikie. Nikatoa ya nne, nikatafuta ya tatu. Haikuingia. Nikajaribu tena, mkwaruzo nausikia mpaka kwenye kiganja. Sasa niko nyutro, gunia za viazi zinanisukuma, mbele kuna trela linatambaa na nyuma lingine linapiga honi. Nikakanyaga breki, nikarudisha ya nne kwa kulazimisha, nikashuka hivyo hivyo huku breki zinanuka. Nilipofika Salgaa nilisimama kando, miguu inatetemeka.

Nyumbani tulipoanza kushusha magunia ndipo nikaona mkebe mtupu umesukumwa kwenye kona ya bodi. Kijana wa duka aliuacha. Nikaufuta vumbi: GL-5, 80W-90. Wa pili chini yake: GL-5, 80W-90. Kumbe giaboksi na difu, zote zilitiwa kitu kimoja.

Nikarudi na mikebe yangu mkononi. Mnajua jamaa aliniambia nini? "Madam, tano si inazidi nne? Tulikupa iliyo bora." Kisha akanionyesha kwa kidole kibao cha bidhaa zilizouzwa hazirudishwi. Mimi sirudishi bidhaa, ndugu yangu, iko ndani ya giaboksi yangu inaitafuna!

Kwa wasiojua, hiyo namba si daraja la ubora. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi, kwa sababu meno ya difu yanasuguana kwa kuteleza yakiwa na uzito mkubwa. Giaboksi ina zile ringi za shaba za sinkro, ambazo kazi yake ni kushikana na gia kidogo ili mwendo ulingane ndipo gia iingie. Ukizitilia oili inayoteleza kupita kiasi, zinashindwa kushika. Na dawa hizo zikipata joto zinaweza kuila shaba. Tena 80W ikiwa baridi ni nzito kuliko 75W, ndiyo maana asubuhi ilikuwa mbaya zaidi.

Fundi wangu, mzee mmoja wa Shabab asiyependa maneno mengi, alifungua kwanza tundu la kujazia kabla hajagusa la kumwagia. Ukimwaga halafu la juu likagoma, gari limelala hapo. Nati ya chini ina sumaku, ikatoka na tope jeusi la chuma, akasema hilo ni la kawaida. Kisha akachukua oili kidogo, akaisugua kati ya vidole juani. Ilikuwa inameremeta dhahabu. Akaisogeza kwenye sumaku, ile dhahabu haikushikwa.

"Hiyo ni shaba yako, mama."

Akajaza GL-4, 75W-90, mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, akafunga. Sasa gia ya pili inaingia asubuhi kwa vidole viwili. Ya tatu bado inalia nikiirudisha kwa haraka, na mzee amesema wazi kwamba ringi iliyolika hairudishwi na oili yoyote, iko siku tutaifungua.

Kwa hiyo je, GL-5 ni mbaya? Hapana, na hapa ndipo ninapokasirika mara mbili. Kwenye difu oili ile ile imefanya kazi nzuri ajabu. Mngurumo uliokuwa ukinikera nikifika 80 umepungua sana, na nitainunua tena. Zipo pia zilizoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, na wanaozitumia hawalalamiki. Na pikapu nyingi za zamani za Isuzu, giaboksi inataka oili ya injini, kwa hiyo usiige yangu, fungua kitabu cha gari lako. Hata ningesema ringi zangu zilikuwa zimeanza kuchoka kabla, maana gari ni la kazi. Labda. Lakini kabla ya siku ile gia ya tatu haikuwahi kunikataa mteremkoni, kwa hiyo hiyo "labda" siwapi.

Kijana aliyetia sina neno naye, alipewa mikebe akamimina. Wa kaunta ndiye. Pesa ya GL-4 ambayo sikupewa bado anayo, na nikipiga simu ananiambia bosi hayupo.