Namba tatu badala ya moja: nilivyoiona huduma ya kusasisha mita ya tokeni

Nauza samaki Kondele, hapa Kisumu. Nina friza mbili, moja ya mbuta na nyingine ya ngege, na zote zinakula stima ya mita moja ya tokeni iliyo nyuma ya mlango, ile ambayo unanunua stima kwanza kisha unabonyeza namba zake kwenye mita. Stima ikipotea usiku mmoja navumilia na barafu. Ikipotea siku mbili, mtaji umeoza. Kwa hivyo niliposikia pale Kibuye sokoni kwamba tarehe 24 Novemba 2024 mita zote za tokeni zitagoma, sikulala vizuri.

Nilikuwa nimeshaipitia hofu ya namna hiyo. Desemba 1999 nilikuwa nimeolewa juzijuzi, tunaishi Manyatta. Redio ilizungumza sana: kompyuta zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili, zikifika 00 zitadhani ni 1900, na huenda mitambo ya stima ikazimika dunia nzima. Kule Marekani kampuni za stima zilikuwa zimefanya mazoezi mara mbili mwaka huo, mwezi wa Aprili na mwezi wa Septemba, wafanyakazi wakijaribu kuendesha kazi kana kwamba sehemu ya mawasiliano yao imekufa. Hata hivyo watu wengi hawakuridhika, kwa kuwa taarifa za utayari zilitoka kwa kampuni zilezile zilizokuwa zikiulizwa. Nawaelewa kabisa. Muuza samaki akikuambia samaki wake ni wa leo, bado unafunua mashavu uangalie mwenyewe.

Marehemu Baba Akinyi alinunua mishumaa na lita kumi za mafuta taa. Saa nane mchana tarehe 31 Desemba, New Zealand ilikuwa tayari imeingia 2000 na taa zao zinawaka, lakini alikataa kurudisha mtungi dukani. Usiku tulikaa macho. Balbu haikucheza hata kidogo. Giza lilitujia baadaye, mwaka huohuo wa 2000, na lilitokana na ukame: maji ya mabwawa yalipungua, nchi ikaanza kugawiwa stima kwa zamu. Yale mafuta taa tuliyachoma yote wakati huo.

Sasa nirudi kwa mita. Tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake alama ya wakati, inayohesabu dakika tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni dakika milioni 16.7 na kidogo, karibu miaka 32, ndiyo maana ikajaa Novemba 2024. Mita ambayo haijasasishwa ikipewa tokeni mpya baada ya hapo huiona kama ya zamani na kuikataa. Stima uliyokwisha kuingiza inaendelea kuwaka mpaka iishe. Hilo la mwisho ningeambiwa mapema, nusu ya wasiwasi wangu ingeisha. Sokoni tuliambiana kwamba taa zitazima zote kwa pamoja saa sita usiku, na hapakuwa na mtu wa kutusahihisha.

Siku moja nikanunua tokeni ya shilingi 500. Zikaja namba tatu, kila moja tarakimu 20. Kijana anayetengeneza simu jirani yangu akaniambia, "Mama, huo ni utapeli, futa." Sikufuta. Nikajaribu ile ya mwisho kwanza, kwa sababu nilidhani ndiyo mpya. Ikakataliwa. Nikafunga duka nikaenda ofisini kwa wenye stima, nikapanga foleni tangu asubuhi mpaka karibu saa sita. Dada wa kaunta alikuwa mpole sana. Akachukua kalamu, akaandika 1, 2, 3 pembeni mwa namba zangu. "Mama, mbili za juu zinaifundisha mita hesabu mpya. Ya tatu ndiyo stima yako. Ziingize kwa mpangilio huo, usiruke." Nikamuuliza inalipiwa pesa ngapi. Akasema ni bure.

Nilirudi nikabonyeza polepole, Akinyi akinisomea. Ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, ya tatu ikaongeza uniti zangu zote. Dakika tano hazikuisha.

Kwa kazi yenyewe natoa nyota tano. Tatizo lilijulikana miaka mingi kabla, dawa yake ilikuwepo, na mita iliyosasishwa inahesabu upya kuanzia 2014, maana yake haitajaa tena hadi 2045. Kwa maelezo natoa mbili, na nazitoa kwa uchungu. Ujumbe wa onyo ulitumwa kwa mwenye ploti, kwa sababu mita imeandikishwa kwa namba yake ya simu, naye anakaa Busia. Nyuma yangu kuna mama mzee asiyejua kusoma. Alikaa gizani siku tatu na namba zote tatu zikiwa kwenye simu yake, akisubiri mjukuu aje kutoka Ahero. Nilipojua nilienda kumwingizia mwenyewe, na alinishika mkono muda mrefu bila kusema kitu.

Kama unapanga nyumba, uliza leo mita yako imeandikishwa kwa simu ya nani. Mimi nilirudi ofisini na barua ya mwenye ploti wakabadilisha. Ilinila asubuhi moja nzima. Sasa ujumbe unaingia kwa simu yangu.