Codex Gigas: Nimeprinti Kurasa Mbili, Tuziangalie

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo niko home hapa Dodoma, huo upepo mnaousikia mtanivumilia, na mezani nina karatasi mbili tu za A3 ila zimetoka kwenye Codex Gigas, ile wanayoiita Biblia ya Shetani, iliandikwa kwa mkono huko Bohemia mwanzoni mwa miaka ya 1200 na sa hivi iko Stockholm, Maktaba ya Taifa ya Sweden, wameiskani yote, unaangalia bure, bando lako tu.

Haya, karatasi ya kwanza, shetani mwenyewe huyu hapa. Uso wa kijani, pembe nyekundu, ndimi mbili zimechomoza, vidole vinne vinne, halafu cheki kiunoni, kajifunga manyoya meupe ya madoadoa, yale ya kifalme kabisa. Ndo picha inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, eti mtawa alimaliza kitabu kizima usiku mmoja shetani akimsaidia. Hadithi hiyo jamani! Mwandiko ni wa mtu mmoja kweli, ila kazi yake inakadiriwa miaka 20 mpaka 30, na kitabu kina kilo 75, yaani mfuko na nusu wa saruji, karatasi 310 na zote ni ngozi. Aliyewahi kuona ngozi ya ngoma ya muheme inavyoandaliwa ananielewa.

Kinachoniuma ni kwamba hii ya pili hawaitumi. Mji wa mbinguni huu, majengo juu ya majengo, minara kila upande, na kwenye kitabu unatazamana na shetani uso kwa uso, ukifungua unaona vyote kwa mpigo! Na humo ndani ni Biblia ya Kilatini, kuna historia, kuna vitabu vya tiba, maneno ya kukimbiza maradhi na kumnasa mwizi yapo pia, kurasa chache tu.

Kuprinti siwashauri sana, steshenari niliyoenda rangi imetoka nzito, kijani kimekuwa kama cheusi. Kwenye simu ukivuta karibu unaona hadi ukurasa wa shetani ulivyoiva kahawia kuliko mingine, mwanga huo, watu miaka na miaka wanafungua hapohapo.

Kijana wa steshenari aliniuliza kama nimejiunga Freemason. Nikamlazia zote mbili kaunta, hivi, ubavu kwa ubavu, akaangalia weee, mwisho akaanza kuhesabu minara.