Godoro limebonyea katikati? La kununua safari hii, kuanzia la kwanza hadi la mwisho

Vua shuka zote. Vuta uzi kutoka ukingo mmoja wa godoro hadi wa pili, pale pale unapolala, kisha simamisha rula kutoka kwenye uzi hadi mahali palipozama zaidi. Ukikuta sentimita tatu au nne, umeshapata jibu la kwa nini unaamka kiuno kimekaza. Nyonga ni sehemu nzito ya mwili. Hutangulia kuzama, na uti wa mgongo unapinda kuifuata usiku kucha.

Lakini usikimbilie dukani bado. Literemshe godoro sakafuni ulale hapo siku mbili tatu. Bonde likipotea, mwenye kosa ni kitanda: chaga zimepinda, zimevunjika, au zimeachana mno. Nafasi kati ya chaga na chaga ikizidi sentimita saba hivi, godoro huanza kuning'inia humo na kuchakaa kabla ya wakati wake. Rekebisha chaga kwanza, la sivyo hata godoro jipya litakufa kifo kile kile. Bonde likibaki hata sakafuni, basi godoro limekwisha. Na tafadhali usitandike godoro jembamba juu yake ukidhani umetibu: la juu litafuata bonde la chini.

Godoro tuliloanza nalo maisha mimi na mwenzangu lilikuwa nene, na ukilibonyeza kwa kiganja lilikuwa gumu kweli. Muuzaji alilipiga ngumi mbele yetu, sisi tukaridhika. Mwaka wa pili haujaisha, tukawa tunalala kila mmoja pembeni na kuamka wote katikati. Siku nilipofungua zipu nikaitazama sponji yenyewe, kingoni ilikuwa ngumu kama siku ya kwanza, ila katikati nikiibana kwa vidole ilibaki imebanika, haiinuki. Tangu siku hiyo sijawahi kuiamini ngumi ya muuzaji.

Ugumu ni kitu kimoja na uimara ni kitu kingine. Ugumu ni nguvu unayotumia kulibonyeza. Uimara wa sponji hutegemea zaidi msongamano wake, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo. Kiwanda kinaweza kabisa kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu siku unayoinunua. Sponji ni vijumba vya hewa, na katika sponji nyepesi kuta za vijumba hivyo ni nyembamba. Zinakunjwa kila usiku mahali pale pale hadi zinakatika, na ule ugumu uliokuvutia dukani unaondoka nazo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni "msongamano wake ni ngapi?" Asikujibu "ni HD", yaani "high density" au msongamano mkubwa, akaishia hapo. Herufi hizo si namba, kila kiwanda hubandika kinavyotaka. Na namba hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe. Tuseme godoro ni la sentimita 190 kwa 150, unene 20. Zidisha 1.9 kwa 1.5 kwa 0.2, unapata mita za ujazo 0.57. Likiwa limeviringishwa, likumbatie upande nalo kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Tuseme limebaki kilo 18.5. Kava lake linaweza kuwa kilo moja na nusu, kwa hiyo sponji ni kilo 17. Gawanya 17 kwa 0.57: unakaribia 30. Godoro la ukubwa huo huo lenye sponji ya kilo 10 lina msongamano usiofika 18, hata likiwa na kava la kupendeza namna gani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niyapange magodoro kwa namna ambayo baadhi ya wauzaji hawataipenda.

La kwanza: sponji nzito, msongamano 30 na zaidi

Naliweka juu kwa sababu ni godoro ambalo mnunuzi wa kawaida anaweza kulipima. Kwa mtu mzima wa uzito wa wastani, 30 inatosha. Mwenye kilo 90 kwenda juu atafute 35 au zaidi, na unene usipungue sentimita 20. Ujanja mmoja tu uuchunge: wapo wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili mizani ikubali. Fungua zipu kidogo, sugua kona ya sponji kwa vidole. Ikiacha unga mweupe au ikimeguka, acha. Kisha zamisha ngumi ndani kabisa uitoe: sponji nzuri huinuka papo hapo, haibaki na alama.

La pili: lateksi, yaani mpira asilia

Kwa kudumu, hili ndilo bora kuliko yote niliyoyataja hapa. Utomvu wa mti wa mpira hupigwa ukajaa povu, ukamwagwa kwenye kalibu na kupashwa moto hadi ugande. Ukilibonyeza linakusukuma, na nyonga inabebwa bila bega kuumia. Utasikia majina mawili ya utengenezaji, Dunlop na Talalay. Yote ni mazuri, la kwanza huwa zito na gumu kidogo.

Nililishusha nafasi moja kwa sababu neno "lateksi" linatumiwa vibaya sana. Mara nyingi ni tabaka la sentimita mbili tatu juu ya sponji ya kawaida, au ni mpira wa viwandani uliochanganywa na wa asili kidogo. Uliza tabaka la lateksi lina unene gani na chini yake kuna nini. Jua pia kwamba ni zito kulinyanyua, na bei yake iko juu. Mwenye mzio wa mpira atafute jingine.

La tatu: springi za mifukoni

Kila springi imeshonewa mfuko wake wa kitambaa, kwa hiyo mwenzako akigeuka wewe husukumwi. Hewa inapita, joto halikai. Muuzaji atakutajia idadi ya springi, nawe usikilize tu, kwani kinachobonyea mapema kwa kawaida si springi bali matabaka ya sponji yaliyowekwa juu yake. Muulize msongamano wa matabaka hayo, kama ulivyouliza kwa sponji. Unene wa waya nao una namba yake, na namba ikiwa ndogo ndivyo waya ulivyo mnene. Kaa ukingoni kabisa, kama unavyokaa kuvaa viatu. Ukiona unateleza kuelekea sakafuni, kingo hazikuimarishwa.

La nne: sponji ya vipande vilivyogandishwa

Hili ni masalia ya sponji yaliyosagwa, yakatiwa gundi na kukandamizwa. Msongamano wake hufika 80 na kupita, lakini usiulinganishe na ule wa sponji mpya, ni hesabu tofauti. Ni gumu sana. Anayelala chali huenda akalipenda, anayelala ubavu atalalamika bega na nyonga. Mimi nalipenda likiwa tabaka la chini, juu yake sponji nzito ya sentimita tano au zaidi. Hapo linashindana na la kwanza.

La tano: sponji ya kumbukumbu

Ile inayobaki na umbo la kiganja kisha ikajaa polepole. Ilianza mwaka 1966 kwenye kazi ya viti vya ndege iliyofanywa kwa ajili ya NASA ya Marekani. Inapunguza mbano mwilini, hilo kweli. Lakini hulainika kwa joto na kulitunza joto hilo, na mahali penye joto kali huenda ukaamka umelowa. Kama unaitaka, iwe tabaka jembamba la juu lenye msongamano wa 50 au zaidi, si godoro zima.

La mwisho: springi zilizofungwa pamoja

Nyaya zote zimeshikana, springi moja ikizama inaivuta jirani yake, na baada ya muda kitanda kinakuwa bembea. Kwa chumba cha mgeni anayekuja mara moja moja, sawa. Kwa mgongo unaouma, hapana. Sponji yenye msongamano chini ya 20 nayo naiweka kundi hili hili.

Ugumu kiasi gani?

Wengi tumeambiwa mgongo ukiuma, lala pagumu. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliolalia magumu. Kwa hiyo anzia katikati. Anayelala ubavu asogee upande wa laini kidogo, anayelala kifudifudi asogee upande wa gumu.

Dukani, vua viatu ulale kwa mkao wako wa kila siku, dakika kumi, bila haya. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa wasaa kama kwenye shimo, godoro ni gumu mno kwako. Kisipopenya kabisa, nyonga zimezama. Kikipita kwa kusukuma kidogo, hapo ndipo. Mnaolala wawili, jaribuni wawili.

Soma pia karatasi ya dhamana, na usiangalie miaka tu. Tafuta mstari unaosema bonde la kina gani ndilo linalohesabika kuwa kasoro. Mara nyingi ni kati ya sentimita 2.5 na 4, na hupimwa godoro likiwa tupu. Kampuni nyingi hukataa godoro lenye madoa, kwa hiyo nunua kava lisilopitisha maji siku hiyo hiyo. Ukilianika, lianike kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja huila sponji na mpira.

Likifika nyumbani, andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye lebo upande wa miguuni. Kila baada ya miezi mitatu ligeuze, upande wa miguu uende kichwani. Ukiiona tarehe imekaa miguuni tena, utajua umeshaligeuza mara mbili. Risiti ipige picha, maana wino wake hufutika kabla dhamana haijaisha.