Cyd Charisse bila nyayo: uzoefu wangu na huduma ya filamu za zamani

Nyota 3 kati ya 5, na sehemu kubwa ya hizo ni za Cyd Charisse mwenyewe, mcheza dansi na mwigizaji wa Hollywood, si za huduma.

Nilijiunga na huduma hii ya kutazama filamu mtandaoni kwa sababu ya orodha yake. Ina filamu za muziki za MGM, studio ya Hollywood, za miaka ya 1940 na 1950, ambazo ukiziulizia kwa wauza diski wa mtaani utaonyeshwa za Kihindi na za Kikorea. Ada ya mwezi inavumilika. Kinachouma ni bando, maana filamu moja ya rangi kwa ubora wa juu inalikomba lote.

Kwa wasiomfahamu: Charisse alizaliwa Amarillo, Texas, mwaka 1922. Utotoni aliugua polio, akaanzishwa baleti ili mwili upate nguvu. Akiwa bado kijana alicheza na kundi la baleti la Kirusi, wakampa na jina la Kirusi, Felia Sidorova, kwa kuwa enzi hizo mcheza baleti asiye na jina la aina hiyo hakuaminika sana. MGM walipomchukua walimweka miaka mingi kwenye vijisehemu vya dansi. Bahati nayo ilimpiga chenga: aliumia mguu akakosa "Easter Parade", nafasi ikaenda kwa Ann Miller, kisha ujauzito ukamkosesha "An American in Paris", akaingia Leslie Caron. Alipotokea na gauni la kijani mbele ya mcheza dansi Gene Kelly katika "Singin' in the Rain" ya 1952, hakupewa hata neno moja la kusema. Hakulihitaji. Mwaka uliofuata akawa nyota wa "The Band Wagon" pamoja na Fred Astaire, naye mcheza dansi.

Sasa niingie kwenye malalamiko yangu. Filamu za Hollywood kabla ya skrini pana zilikuwa na picha inayokaribia mraba, upana 1.37 kwa urefu 1. Runinga zetu za leo ni pana zaidi, kwa hiyo picha ikionyeshwa inavyotakiwa inaacha mistari myeusi kushoto na kulia. Kuna watu hawaipendi hiyo mistari, na huduma hii imeamua kuwafurahisha: baadhi ya filamu imezikuza mpaka zijaze skrini. Ukifanya hivyo unapoteza karibu robo ya urefu wa picha, juu na chini. Kwenye filamu ya maongezi utapoteza nywele na vifungo vya koti. Kwenye filamu ya dansi unapoteza nyayo!

"The Band Wagon" ni mojawapo ya zilizokatwa. Kuna dansi ya bustanini usiku, iliyotungwa na Michael Kidd, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kulipia. Charisse na Astaire wanatembea tu, kimya, kila mmoja akiwa hana hakika kama mwenzake ataweza kwenda naye. Hawaimbi, hawasemi. Halafu hatua moja ya kutembea inageuka ya dansi, na ukiwa makini unaiona inapogeukia: kwenye kisigino. Katika toleo hili kisigino hakipo. Unaona watu wawili waliovaa nguo nyeupe wakiyumba kwa raha, basi. Astaire mwenyewe alijulikana kwa kusisitiza kamera imwonyeshe mchezaji mwili mzima, utosi hadi unyayo, bila kukatakata. Leo kazi hiyo inavurugwa na mtu wa ofisini anayeogopa mistari myeusi.

Niliwaandikia. Jibu lilikuwa nizime runinga na kuiwasha tena.

Kabla hujalaumu huduma kwa kila kitu, ingia kwenye mipangilio ya runinga yako. Zima ile kazi ya kulainisha mwendo, inayofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari, na hakikisha runinga yenyewe haikuzi picha.

Sauti ni safi, nawapa haki yao. Ila mjue kwamba sauti ya kuimba si ya Charisse: katika "The Band Wagon" ni ya mwimbaji India Adams. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi hatushtuki, lakini mwimbaji wao Lata Mangeshkar alikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji wengi aliowaimbia, wakati Adams alifichwa. Wimbo mmoja aliomwimbia Charisse ulikatwa kwenye filamu, studio ikautumia tena kwenye filamu nyingine mwaka huohuo wa 1953, safari hii mwigizaji Joan Crawford ndiye anayechezesha midomo. Maelezo ya filamu kwenye huduma hayamtaji Adams kabisa.

Kilichoniokoa ni "Silk Stockings" ya 1957. Hii ilipigwa kwa skrini pana, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuikuza. Charisse ni ofisa wa Kisovieti aliyetumwa Paris, mkavu kama ukuni. Kuna mahali yuko peke yake chumbani, anavua nguo zake za kazi na kuvaa mavazi ya hariri aliyokuwa ameyaficha, yote kwa dansi, bila haraka. Hapo unaelewa kwamba kwa mwanamke huyu uigizaji ulikuwa mwilini. Kwenye maongezi, tuseme ukweli, ni wa kawaida.

Baada ya hapo studio ziliacha kutengeneza filamu za aina hii kwa wingi, na sehemu zilizomfaa zikaadimika.

Ushauri wangu: kama unataka filamu zake za 1954 kuendelea, za skrini pana, lipia, utafurahi. Kwa zile za nyuma ya hapo, fungua dakika chache kwanza uangalie kama viatu vinaonekana. Visipoonekana, agiza diski.